Mashuka Katika Chumba cha Miche

Wifi yake alimsingizia kuua miche, tena mbele ya wateja. Hilo ndilo kosa, na lisipambwe.

"Huyu anamwaga maji kama anaosha gari," wifi alisema, akiinua trei ya miche ya nyanya iliyoota ukungu mweupe. Mwenye hoteli na mama muuza maua, wateja wa siku nyingi, wakatikisa vichwa. Mume wa aliyesingiziwa, mwenye duka la miche, akainamisha macho. Jioni ileile akamnyang'anya mkewe ufunguo wa chumba cha miche, akampa dada yake.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka: taa juu, rafu pande zote, feni moja, na kipimo cha joto na unyevu kwenye msumari. Mwanamke huyu hakwenda shule, kwa hiyo alichora mstari juu ya kioo cha kipimo kwa rangi ya kucha. Mshale wa unyevu ukishuka chini ya mstari, ananyunyiza maji. Ukipanda, anaacha maji na kuwasha feni. Kila mchana aliuacha ufunguo kaunta, akaenda kumpikia mama mkwe, na hakurudi hadi kesho yake. Kila asubuhi alipofungua, mshale ulikuwa mahali pake. Basi ukungu ulitoka wapi?

Siku ya tatu baada ya kunyang'anywa ufunguo alirudi mchana kuchukua ndala zake. Mlango ulikuwa wazi. Kutoka rafu hadi rafu ilipita kamba, na kwenye kamba mashuka yakichuruzika juu ya trei. Mshale ulikuwa umepanda hadi mwisho.

"Kumbe humu ndimo unamoanika."

"Mvua haiishi, wifi, na humu kuna joto zuri." Wifi alibana shuka la mwisho. "Jioni huwa nayaanua. Yamemdhuru nani?"

"Miche. Na mimi."

"Haya, yaishe. Ulimi uliteleza."

"Uliteleza mbele za watu."

Akamwita mumewe. Mume alisimama chini ya mashuka, akakitazama kipimo, tone likamdondokea shingoni. Akacheka. Mkewe hakucheka.

Usiku ule, wakila, mume aliuweka ufunguo karibu na sahani ya mkewe. "Kesho uingie kazini, mke wangu."

"Wale wateja atawaambia nani?"

"Wameshasahau."

"Muuza maua jana aliniuliza kama nimepata kazi isiyotaka akili."

Mama mkwe akaingilia. "Yaliyopita si ndwele, mwanangu."

"Ndwele ni yangu, mama, na bado inauma."

Akausukuma ufunguo hadi mbele ya wifi. "Kaa nao. Ukimaliza mashuka, anika na mapazia."

"Una kiburi," wifi alisema.

"Ninacho. Jina sina, umeniharibia. Kiburi nacho nikupe?"

Tangu hapo mke anaamka, anafagia uani kwake, anapika, na nyuma ya duka hakanyagi. Mume ameomba mara mbili, mama mkwe amelia. Yeye jibu lake ni lilelile: hatarudi kwa mlango wa nyuma ilhali alifukuzwa kwa mlango wa mbele.

Mumewe anadaiwa swali alilopaswa kumwuliza kabla ya kumnyang'anya ufunguo. Wifi anadaiwa zaidi. Asimame pale kaunta, mwenye hoteli na muuza maua wakiwapo, aseme kwa mdomo wake kwamba mashuka yalikuwa yake. Bado hajasema.