Mikono Minne kwenye Usukani Mmoja

Macho yalipoanza kufifia, Mama Gia alidhani ni ukungu tu, ule wa alfajiri unaotanda juu ya lami kisha ukapotea. Huu haukupotea. Daktari akamwambia kwa upole aache kuendesha, na mwanamke aliyeendesha malori makubwa tangu ujana wake akawa wa kushinda dirishani, viganja vimelala mapajani kama vya kuazima.

Mumewe, fundi cherehani, hakujua amfariji vipi. Hakuwahi hata kupanda lori la mkewe. Gari likikata kona tu, tumbo lilimchafuka. Kazi yake ilikuwa kumpungia mkono mlangoni, basi.

Mdogo wake Mama Gia alikuwa na chumba cha michezo ya kompyuta, orofa ya juu ya saluni. Alasiri moja ya mvua akawaita. Katikati ya chumba palikuwa na kiti cha gari, pedali, usukani na skrini pana.

"Dada, kaa hapa. Ni mbio za magari."

"Mbio, na macho haya?"

"Wewe kaa tu."

Akakaa. Rangi zikampita kama vitambaa majini. Akazungusha usukani, akasonya. "Mwepesi mno. Kama nakoroga chai."

Mdogo wake akacheka, akaongeza nguvu ya mota iliyofichwa nyuma ya usukani, ile inayoirudishia mikono kila kinachokanyagwa na matairi. Usukani ukashtuka, ukawa mzito. Mama Gia akaukamata kwa mikono miwili. Lami. Kisha kokoto za ukingoni, zikimtekenya vidole. Kisha, kwenye kona ndefu, ule wepesi wa ghafla: matairi ya mbele yanaanza kuachia lami. Akalegeza mguu, gari likatulia. Huko chini mashine za kukaushia nywele zilivuma, mvua ikapiga bati, na yeye alikuwa mbali, anaelea kwenye barabara isiyokwisha.

"Baba watoto," akaita. "Njoo uweke mikono yako juu ya yangu."

"Mimi? Nitatapikia mashine za watu!"

"Fumba macho."

Fundi akasimama nyuma yake, akamzungushia mikono, akafumba macho. Barabara ikapita kwenye vidole vya mkewe, ikaingia kwenye vyake.

"Ndiyo hii?" akanong'ona. "Miaka yote ulikuwa nayo peke yako?"

"Nilikuwa nakusimulia, ukaniambia chakula kinapoa."

Siku hizi fundi ndiye anayekaa kitini. Mkewe huketi ubavuni, kiganja juu ya mkono wake, akimwelekeza: "Taratibu, yanaachia... haya, sasa kanyaga." Kuta anazigonga sana, na tumbo bado linamsumbua. Juzi alimaliza mzunguko mzima bila kugonga popote. Akageuka kujisifu, akakuta mwenzake amesinzia, kichwa begani kwake, akipumua kwa utulivu wa abiria wa safari ndefu.

Hakumwamsha. Akapunguza mwendo, akaendelea.