Mnazi Asioukumbuka Haupandi

Saa kumi na mbili jioni, Tsuma Mangi anashuka mnazi wa mwisho, kibuyu kikining'inia kiunoni. Anaisuuza kotama, kisu chake cha kugemea tembo, kisha anaketi kizingitini mwa nyumba yake, nje kidogo ya Magarini. Mkewe, Zipporah, anamletea chai na kuketi kando yake.

"Haya, Baba Japheth," anasema. "Anzia wa kisimani."

Tsuma anafumba macho. Wa kisimani, siafu walikuwa wamefika hadi juu. Wa mpakani, aliona moshi wa jirani umegeuza njia. Anaipitia siku yake mnazi mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayechambua mchele.

Mazoea haya yalizaliwa na kuteleza. Kila mnazi una vidato vyake, ngazi zilizochongwa kwa panga shinani, na hakuna miwili iliyochongwa sawa. Miaka minne iliyopita, Tsuma alikuwa akishuka huku moyo ukichemka kwa ugomvi wa shamba na nduguye. Mguu ukatafuta kidato.

"Kidato kilikuwako, lakini kwa mnazi mwingine," anasema, akicheka.

Aliporomoka akiwa ameukumbatia mti. Kifua kilichunika, mguu ukavunjika, akalala ndani miezi mitano huku Zipporah akiilisha nyumba kwa kuuza mihogo.

Alipopona, mkewe hakutaka hata kusikia habari ya kupanda. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji; huyu hakusifiwa hata kidogo, alipewa sharti. Kila jioni aeleze alichokiona juu ya kila mnazi. Ule asio na la kusema juu yake, kesho yake haupandi.

"Nilidhani ananifanya mtoto," anasema. "Jioni ya kwanza nilikuwa na minazi miwili tu ya kusimulia. Nikaogopa. Kumbe mingine yote mwili ulipanda peke yake."

Siku hizi hutazama akijua ataulizwa, na kutazama huko kumemfuata hadi chini, kwa mkewe na kwa watu wake. Hata na nduguye wamepatana. "Namshukuru Mulungu kwa kuanguka kule. Ningezeeka bila kuyaona maisha yangu."

Jioni hii ni nzito. Kesho jamaa wanakwenda Marafa kumposea mke mwana wao Japheth, na kwa mila hawaendi bila tembo. Tsuma alitaka litoke mkononi mwake. Katika kusimulia anafika kwenye mnazi wa njia ya msikitini, unaotoa tembo kuliko yote, na kufumbua macho.

Angeweza kutunga lolote. Zipporah hakuwa juu.

"Huo sina," anasema. "Nilikuwa nikiwaza posa."

"Basi kesho ataugema Ngumbao," anasema Zipporah. Ngumbao ni jirani yao, mgema pia.

"Mama Japheth, tembo la posa nigemewe na mtu?"

"Japheth atakwenda Marafa bila tembo lako, na atapokewa. Bila babake, je?"

Tsuma anaitikia kwa kichwa. Ana mpango wa kupanda minazi mifupi nyuma ya nyumba, ya kugemwa mtu akiwa amesimama chini. Anataka aje awagemee wajukuu, na jioni awasimulie.

Anakunywa chai, anatua kikombe.

"Leo umetia tangawizi."

"Nilikuwa nangoja useme," anajibu Zipporah.