Majina Niliyoyaruka

Nakumbuka Ijumaa moja ya ujana wangu, mwanangu, na naikumbuka kwa masikio zaidi ya macho, kwa sababu siku hiyo sauti ya bibi mmoja ilinikatiza kauli mbele ya mji mzima. Mpaka leo namshukuru.

Nilikuwa nimerudi Mvouni, mji wetu hapa Ngazidja, kutoka Lamu, miaka minne ya kusoma dini, na watu wakaanza kuniita Fundi, yaani mwalimu wa dini. Jina hilo lilinikaa tamu mdomoni kama halua. Ilikuwa miaka ile ya mamluki, wazungu wenye bunduki waliomrudisha rais na kubaki kumlinda, na mtu alipima maneno yake hata sokoni. Na ilikuwa miaka michache tu tangu watu wetu kuchinjwa kule Majunga, ng'ambo ya bahari, Madagaska. Ugomvi mdogo wa majirani ulizaa mapanga na moto, na kila aliyejulikana kuwa Mkomori akawindwa mtaa kwa mtaa. Waliosalimika walirudishwa kwa ndege, na sisi tuliowapokea, Mungu atusamehe, tukawapachika jina la shirika la ile ndege kama kwamba ni kabila. Tuliwacheka nguo zao na sauti zao kubwa. Hatukuwauliza kitu.

Mjomba wangu Mmadi aliandaa hitima ya kuwarehemu waliokufa huko. Kaka yake alikuwa miongoni mwao. Waliosalimika walitoa majina, akayaandika karatasini binamu yangu mmoja, na mimi nikapewa kazi ya kuyasoma kabla ya dua.

"Usirefushe," Mjomba aliniambia mlangoni, akirekebisha joho lake. "Watu wana njaa, na gari la wale askari limeshapita mara mbili. Wataje wenye mji. Wengine wakusanye pamoja."

Nilimwelewa. Wewe umezaliwa mbali, kwa hiyo nikueleze. Huku Ngazidja, mwanamume asiyefanya ndoa kuu, ile harusi ya kulisha mji mzima, huhesabiwa mtoto wa mji hata ndevu zikiwa nyeupe. Hakai mbele, hasemi barazani; aliyeifanya ndiye mwenye mji, na ndiye avaaye joho. Na wengi waliokufa Majunga walikuwa wachukuzi, wauza maji, wapishi wa watu, walioondoka visiwani bila kitu na hawakurudi kuoa. Nisikudanganye kwamba niliogopa gari la askari. Niliyapenda maneno ya Mjomba kwa sababu mbele yangu wamekaa wazee wenye majoho, nami nilitaka wanione kijana anayejua heshima ya kila mtu.

Kisomo kilipokwisha nikasimama. Nikataja majina kumi na mawili ya juu, taratibu, kwa sauti niliyojifunza Lamu, na kila jina watu wakaitikia, "Mungu amrehemu." Kisha nikakunja karatasi. Nikasema, "Pamoja na watoto wa mji wote waliokuwa nao."

"Fundi, bado."

Sauti ilitoka ndani, nyuma ya pazia la wanawake. Nikajifanya sikusikia, nikainua mikono.

"Nakwambia bado! Umesoma Lamu miaka minne, hukufunzwa kusoma karatasi mpaka chini?"

Wanawake wakacheka, kisha wakakoma. Mjomba akageuza shingo. "Mama, nyamaza, dua inasomwa."

"Dua ya nani, Mmadi? Waliotuua hawakuuliza nani ameoa ndoa kuu na nani hajaoa. Walituua wote. Wewe ndiye unayechagua."

"Mama, kuna askari barabarani."

"Waache wapite. Mimi nimekwisha kuona mapanga. Mwenye gari atanifanya nini?"

Pazia likasogea, akatoka. Alikuwa Koko Eshati, bibi wa Magoudjou, mtaa wa Moroni, aliyeuza vitumbua karibu na kituo cha teksi, mwembamba, shiromani yake, lile shuka la wanawake wetu, imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. Hakunitazama. Akaanza kutaja, bila karatasi. "Saidi wa Eshati, mchukuzi." Huyo alikuwa mwanawe wa pekee. "Ali wa Zaina, muuza maji. Zaina mwenyewe." Mwanzoni waliitikia wanawake tu. Halafu vijana wa nyuma. Alipofika jina la kumi hivi nilisikia wenye majoho nao wakisema, "Mungu amrehemu," na Mjomba alisema kwa sauti iliyopasuka. Mimi nilisimama na karatasi yangu iliyokunjwa. Asiyekuwapo na lake halipo, husema wahenga. Mimi nilikuwapo, na nilikuwa karibu kuwanyang'anya wasiokuwapo kitu pekee walichobakiwa nacho. Hawana makaburi, mwanangu. Jina ndilo lilikuwa kaburi lao.

Kesho yake nikateremka Magoudjou kuomba radhi. Nilimkuta akikaanga vitumbua. Niliandaa hotuba nzima njiani, na aya ndani yake.

"Kaa," akanikatiza. "Radhi nimekupa jana ulipoacha kubisha. Sasa nina kazi nawe. Mwanangu nimemtaja, lakini mwisho wake siujui. Mimi nilifichwa na jirani yangu, Mmalagasi, siku zote zile chini ya kitanda chake, Mungu amlipe. Saidi hakurudi. Alikuwa na rafiki yake Bakari. Bakari sasa yuko Mutsamudu, kisiwa cha pili, anapakua mizigo bandarini. Nimemtumia salamu mara nyingi, hajibu. Nenda umuulize. Uandike anachosema yeye, si unachopenda wewe."

Nikaenda. Bakari nilimpata mtaa wa Hombo, katika chumba kimoja juu ya mteremko unaokwenda hospitali. Alikuwa mtu mkubwa wa mabega. Nilipotaja jina la Eshati alizima redio. Nikatoa daftari.

"Weka hilo," akasema. "Kwanza kula."

Siku ya kwanza alinisimulia bei za Majunga na mechi za mpira. Siku ya pili alinionyesha bandari. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nami kwa mara ya kwanza katika ujana wangu nilinyamaza nikangoja. Siku ya tatu, tumekaa tunamenya mihogo, akasema bila kuniangalia:

"Tulikuwa tunakimbilia kambi ya wanajeshi. Njiani tulimkuta mzee amekaa chini, mguu umekatwa. Saidi akampandisha kwenye mkokoteni wake. Nikamwambia, muache, hata humjui. Akasema, 'Mimi kazi yangu ni kubeba.' Mkokoteni ulikuwa mzito, barabara inapanda. Tukawasikia wanakuja." Akaitazama mihogo. "Mimi nilikimbia. Niligeuka mara moja. Yeye alikuwa bado ameshika mipini."

Kwa huruma ya kijinga, nikasema, "Nitaandika kwamba mlitenganishwa na watu wengi."

Akanikamata mkono. "Usinipambe, Fundi. Andika nilikimbia. Ukilifuta hilo, na yeye umemfuta. Kukaa kwake kutaonekanaje, kama mimi sikukimbia?"

Nikaandika hivyo hivyo. Na safari nzima ya kurudi Moroni nilijiuliza nitamsomeaje mama wa mtu.

Koko Eshati alinisikiliza amesimama kwenye karai lake la vitumbua. Nilipofika kwenye neno "nilikimbia" sauti yangu ilishuka, naye akasema, "Sikusikia. Rudia." Nikarudia. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi, akafunika uso kwa shiromani, muda mrefu. Mafuta yakaanza kutoa moshi, nikayaepua.

"Hakumuacha mzee," akasema hatimaye.

"Hakumuacha, Koko."

"Alhamdulillahi." Akafuta macho. "Na yule mzee, jina lake?"

"Bakari hakulijua."

"Basi mwakani mtaje hivyo: mzee aliyekuwa juu ya mkokoteni wa Saidi. Usimtupe kwenye fungu." Kisha akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Na Bakari mwandikie aje ale kwangu. Mwambie asione haya. Kama naye angekaa, nani angeniletea mwanangu leo?"

Bakari alikuja. Alilia mlangoni kama mtoto, na Koko akamwambia aache kelele, majirani watadhani anampiga. Mwaka uliofuata alikaa mbele kabisa katika hitima, hana joho, na hakuna aliyemwambia asogee. Mjomba ndiye aliyemvuta mkono. Nilisoma mpaka chini.

Mwanangu, nimekupa habari hii kwa sababu utakutana na watu waliosalimika, wa kwetu au wa kwingine, maana dunia haijaacha kuchinja. Usiwape majina ya dhihaka. Usiwapangie nani anastahili kutajwa kwanza. Anayesema aliyoyaona amebeba mzigo mzito; mpe nafasi autue kwa mwendo wake, wala usiupambe ukadhani unamsaidia. Liandike na la aibu, maana ndilo linaloonyesha kwamba mengine ni kweli. Na asiyejulikana jina, mtaje kwa alichofanya au alipokuwa. Zaidi ya yote washukuru waliobaki hai, uwaambie kwa mdomo wako. Wengi wao wanadhani waliiba uhai wao.

Mwenyezi Mungu akuepushe na siku kama zile, akupe sikio lenye subira na ulimi usioruka mtu. Awarehemu Saidi na mzee wake, na wote mmoja mmoja. Na wewe akupe umri, na radhi zangu zikutangulie kila mlango utakaobisha.