Pombe ya Msiba Kwenye Rejeta

Leo nimeinywesha injini pombe ya msiba. Msiba wa baba yangu mwenyewe.

Tulikuwa tunamleta nyumbani Ngara kwa lori lake, lile alilokuwa akiliendesha wakati wa vita vya Kagera.

Kwenye kilima cha mwisho likaanza kufuka moshi.

Rejeta kavu, na maji hatukuwa nayo. Tulikuwa na madumu ya pombe ya ndizi ya waombolezaji tu.

Ninyi mngefanyaje?

Injini ilipopoa, baba mdogo akaniambia, "Mimina. Kaka angeshamimina."

Nikamimina. Sikuhisi chochote.

Tukafika boneti imeegeshwa tu, lori zima linanuka pombe.

Mama akasimama mlangoni, akavuta pumzi.

"Huyo amefika," akasema. "Kila jioni alirudi ananuka hivyo hivyo."

Watu wakaangua kilio.

Mimi nikaenda kufunga boneti.