Risasi za Wavu wa Baba

Jirani yangu hapa Kiseke anapasua jabali kwa baruti apate pa kujenga. Harufu ya baruti hiyo ikiingia dirishani, naacha ninachofanya.

Nilipokuwa mtoto, mbweha alikuwa amemaliza vitoto vyote vya mbuzi wetu mmoja. Baba alikuwa ziwani. Mama akateremsha gobole ukutani, akakata vipande vya risasi vinavyozamisha wavu wa baba uliobaki nyumbani, akavigonga kwa nyundo hadi vikawa goroli. Kazi yangu ilikuwa kuziviringisha kwenye sahani ya bati.

"Inayoyumba weka pembeni," alisema. "Baruti imebaki ya mara moja tu. Sitaki akimbie na jeraha akateseke porini."

"Na wavu wa baba, mama?"

"Mbuzi nao ni wa baba yako."

Nilichagua moja iliyokwenda imenyooka. Kulipokucha mama alifyatua, mbweha akaanguka palepale. Tulipomgeuza, chuchu zake zilikuwa zimejaa maziwa.

Mama aliinuka, kanga yake ikinuka moshi. Kisha akanipa kibuyu.

"Kamkamue yule mbuzi aliyeliwa wanawe," alisema. "Halafu twende tukawatafute watoto wa huyu."