Kofi la Mara Moja

Tulimwita Shavu, naye aliitika. Kazi yake ilikuwa kupigwa makofi kwenye tamthilia za runinga. Kila hadithi ya kampuni yetu ilikuwa na tajiri mwenye hasira, na kila tajiri alihitaji mfanyakazi wa ndani wa kumalizia hasira hizo. Shavu alivunja glasi, akazabwa kibao, akatoka analia. Neno la kusema hakupewa hata moja.

Makofi yenyewe yalikuwa ya kweli. Mwongozaji alishikilia kwamba watazamaji si wajinga, kofi la uongo wanalijua. Ubahili mtupu! Fundi wa kutengeneza sauti angetaka kulipwa, na uso wa maskini ulikuwapo tayari. Mimi nilikuwa mpambaji. Nilishinda nikimfunika alama za vidole kwa poda, na kazi hiyo ilinichosha roho.

"Dada, si uache tu?" nilimwambia mara nyingi.

"Niache niende wapi? Kufua nguo za watu nimefua, mgongo ukaisha. Hapa angalau kamera inanijua. Ipo siku nitaongea."

Ndiyo ndoto iliyomshikilia. Aliishi chumba kimoja na mama yake, na kila akirudi alifanya mazoezi mbele ya kioo, mama akimsahihisha kutoka kitandani kana kwamba naye amesomea uigizaji.

Basi siku ikafika. Mwigizaji aliyecheza tajiri alidai nyongeza, akatimuliwa. Mwongozaji akamtupia Shavu gauni la tajiri.

"Leo wewe ndiye mama mwenye nyumba. Una maneno. Ukiharibu, unarudi kwenye glasi zako."

Nilimpaka rangi ya midomo kwa furaha. Mara akaingia mfanyakazi mpya wa kupigwa: mama mtu mzima, mvi zimejaa kichwani, kandambili zimelika visigino. Shavu akainuka kitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe utakayenipiga?"

Shavu akaenda kusimama mbele ya kamera.

Kamera ikawashwa. Maneno aliyasema vizuri, sikudanganyi, mpaka fundi wa taa akasahau kutafuna. Kisha akapiga kofi la kugusa tu.

"Rudia!"

Akarudia, lile lile la kugusa.

"Rudia!"

La tatu likawa nusunusu, likamtoa mama machozi na bado halikusikika. Nilitamani nimpigie kelele. Yeye aliyepigwa miaka yote, alisahau vipi kwamba kofi la huruma hurudiwa? Mwongozaji akaanza kulitazama lile gauni.

Yule mama akamsogelea. Nilikuwa karibu na poda yangu, nikasikia.

"Mwanangu, utaniua kwa huruma. Nipige moja la maana tukapumzike."

Shavu akapiga. Mama akapepesuka hadi akajishika kwenye meza.

"Safi sana!" mwongozaji akapayuka. "Huyo ndiye tajiri!"

Nilimkuta Shavu nyuma ya pazia, amepiga magoti mbele ya yule mama, analia na kuomba radhi. Mama alikuwa amejikandamizia chupa ya maji baridi usoni.

"Basi, basi. Usiniombe msamaha. Niombee kazi ya kesho. Ila nipigwe na wewe, mkono wako sasa nimeuzoea."

Shavu akajifuta machozi, akaenda kumwombea. Akakubaliwa.