Maji ya Bahari Katika Nyumba ya Eda

Rajabu alipofariki, mwanzoni mwa mwaka 1968, mkewe Biubwa alikuwa bado kijana, na kazi aliyoijua kuliko zote ni kuchokoa pweza. Kila bamvua, maji yanapokupwa mbali, alitoka nyumbani kwake Bagamoyo, mji mkongwe, pamoja na wifi yake Mardhiya, wakavuka mchanga mpaka kwenye mawe na kurudi na pweza na chaza. Sasa aliingia eda. Kwa miezi minne na siku kumi angekaa ndani kwa nguo nyeupe, bila manukato, na wanaume watakaomwona ni ndugu zake tu.

Mwanzoni nyumba ilijaa watu. Kisha wakapungua, kama ilivyo kawaida, akabaki na mama mkwe wake, Bi Mina, aliyekuwa mzito wa maneno tangu kumzika mwanawe. Biubwa alifagia ua uliokwisha fagiliwa.

Siku moja Mardhiya alirudi kutoka pwani na ndoo ya chaza. Biubwa alipokuwa akiwaosha aliona kisamaki cha buluu, saizi ya kidole, bado kinahema. Akakitia katika beseni pamoja na maji ya ile ndoo, akakitazama mpaka adhana ya adhuhuri. Asubuhi alikikuta kimekufa.

"Wifi, kesho niletee maji ya bahari," alimwambia Mardhiya.

"Ya nini?"

"Nataka kujua kilichokiua."

"Kimekufa kwa sababu kimetolewa baharini."

"Basi niletee bahari."

Mardhiya alicheka, na Biubwa akacheka naye, kisha wote wawili wakanyamaza kwa sababu Bi Mina alikuwa chumba cha pili.

Marehemu alikuwa akiuza mikate na kashata. Kabati lake dogo la vioo lilikuwa limewekwa uani na hakuna aliyelitaka. Biubwa alimwita kaka yake Bwanaheri, fundi wa mashua, akamwonyesha.

"Mimi kazi yangu ni kuzuia maji yasiingie," Bwanaheri alisema. "Wewe unataka yasitoke."

"Si maji yale yale?"

Bwanaheri alikwenda kuchukua vifaa vyake. Alilikalafati kabati kama anavyokalafati mashua, akiziba viungo kwa pamba na mafuta ya papa. Halikuvuja hata tone, ila mafuta yalielea juu ya maji, na kila kilichotiwa humo kikafa kabla ya jioni. Akakwangua kazi yake yote, akarudi na lami ya moto, akaipaka kwenye viungo. Safari hii Biubwa hakuwa na haraka. Alijaza maji na kumwaga, akajaza na kumwaga, mpaka harufu ya lami ikaisha.

Bi Mina alivumilia hadi hapo. "Mwanangu, watu wanakuja kutupa pole," alisema. "Watatukuta na mchezo?"

"Si mchezo, mama."

"Ni nini basi?"

Biubwa alifikiri. "Sijui. Lakini nikiamka asubuhi nina cha kuangalia."

Bi Mina aliinuka akaenda kutawadha. Hakulisema tena.

Biubwa alitandaza mchanga uliooshwa, akapanga juu yake mawe aliyoletewa na Mardhiya yakiwa bado yana majani na vidude vilivyoshikamana nayo. Maji yakanuka. Alipogeuza jiwe moja alikuta kaa ameoza ndani ya tundu. Tangu hapo kila jiwe jipya lilikaa kwanza peke yake katika beseni mpaka aridhike nalo. Kabati alilisogeza karibu na dirisha, likipata jua la asubuhi tu, na kila siku aliteka maji kidogo, akatia mapya. Kwanza waliishi konokono na kaa wadogo. Kisha kiti cha pweza, mwenye umbo la nyota, kisha jongoo bahari, ambaye Mardhiya alimrudisha baharini siku ya pili maana alikuwa mkubwa mno. Samaki walikuja mwisho, wachache, kwa kuwa alishaona kwamba wakizidi hupanda juu wakitweta.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Mardhiya alimleta pamoja na jiwe lake, ambalo juu yake aliota mnyama mmoja laini mfano wa ua, anayewasha ukimgusa. Samaki yule hakuwashwa. Alijilaza humo kama mtu aliyejifunika shuka. Wanawake waliokuja kumjulia hali Biubwa walivuta majamvi karibu na kioo, na mazungumzo yao yakawa marefu kuliko zamani.

Masika ilipoanza, mto Ruvu ukafurika, bahari ya mbele ya mji ikawa rangi ya chai ya maziwa. Mardhiya alikuja amelowa, ndoo kichwani. Biubwa alichovya kidole akaonja.

"Haya hayana chumvi, wifi."

"Nimeyateka baharini. Nimepigwa na mvua njia nzima."

"Hayafai," alisema Biubwa, akayamwaga.

Mardhiya alichukua ndoo yake akaondoka bila kuaga. Hakuja kesho yake wala kesho kutwa. Maji ya kabatini yakachafuka, yule mnyama mfano wa ua akajikunja, na asubuhi moja samaki wake akawa amelala ubavu juu ya mchanga.

Biubwa alianza kulia taratibu, kisha kwa sauti. Siku ya mazishi hakulia hivyo. Watu walikuwa wamemsifu kwa subira yake. Bi Mina alitoka chumbani, akaketi kando yake, akamshika mkono.

"Lia, mwanangu," alisema. "Mimi nimelia usiku kucha tangu siku ile. Wewe nilikuwa nakuhofia."

Alipotulia, Bi Mina alijitanda kaniki, akaenda mwenyewe kwa bintiye. Mardhiya alirudi naye. Biubwa alimwomba radhi, na Mardhiya akasema maji yale kweli yalikuwa baridi, hayana chumvi, kama ya kisima. Bwanaheri alimwomba nahodha mmoja ajaze madebe mbali na mdomo wa mto, na kabati likapona, ingawa si wote waliopona.

Eda ilipokwisha, Biubwa alikoga, akavaa kanga mpya, na bamvua iliyofuata akaenda kwenye mawe na wifi yake. Nyayo zilikuwa zimelainika, akatembea kama mgeni. Alikusudia kuwarejesha viumbe wote, lakini Bi Mina alisema waachwe kwanza. Basi wakaachwa, na mlishaji akawa Bi Mina. Kabati liliishi mpaka mbao zilipooza, miaka michache baadaye. Biubwa wakati huo alikuwa ameolewa tena, Pangani, na kila akija kuwasalimu, yeye na Bi Mina walikaa ukumbini wakizungumza habari za Rajabu bila shida yoyote.